Maharagwe ya Rochevigne

Ngome ya Rochevigne ilijengwa mara mbili. Mara ya kwanza ilijengwa Ufaransa, katika vilima vya mizabibu vya Burgundia, kwa mawe, na watu waliokufa zamani mno. Mara ya pili ilijengwa kaskazini mwa Johannesburg, kando ya barabara ya kwenda Muldersdrift, kwa saruji, mabati na lile povu gumu jeupe ambalo televisheni mpya hufungashiwa. Aliyeijenga mara hii ya pili aliitwa bwana Terblanche, ambaye alikuwa hai kabisa na hakupenda mgeni agonge kuta zake kwa kidole.

Ngome hii ya pili ilikuwa na minara minne, handaki la maji lenye samaki wekundu, na daraja la kuinuliwa ambalo halikuinuka. Ilikuwa pia na shamba la mizabibu. Mizabibu ilipandwa kwa sherehe, ikapigwa na mvua ya mawe ya Januari, ikapandwa tena, ikapigwa tena, mpaka bwana Terblanche akachoka kushindana na mbingu. Tangu hapo vishada vya zabibu vya plastiki vilifungwa kwa waya kila Ijumaa, kabla maharusi hawajaja kupiga picha, na kufunguliwa Jumatatu vikaoshwe vumbi. Divai yenyewe ililetwa na lori kutoka Cape.

Katika ngome hiyo alifanya kazi Hénock Mushagalusa, mtu wa Kabare, karibu na Bukavu huko Kongo, aliyekuwa akiishi na mkewe Jocelyne katika chumba kimoja cha nyumba kuukuu huko Bellevue, mtaa wa Johannesburg. Alianza kazi getini, akiwa mlinzi. Kwa miaka mingi kinywa chake kilikuwa na maneno mawili tu ya kazi, "jina" na "sahihi", na mchana kutwa aliyarudia kwa watu waliomjibu bila kumtazama. Alizaliwa na mdomo wa kusema, na getini aliuhisi mdomo huo ukikauka kama kisima kisichotekwa.

Kilichomtoa getini ni jina la bosi wake. Terblanche ni jina la Kifaransa. Lilifika Afrika Kusini zaidi ya karne tatu zilizopita pamoja na watu waliokimbia kuteswa kwa ajili ya dini yao. Jina likafika salama, lugha ikafia njiani. Bwana Terblanche hakuweza kusema hata "habari ya asubuhi" kwa Kifaransa bila kuonekana ana mfupa kooni. Lakini aliamini, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumbishia, kwamba mababu zake walitoka Rochevigne, pengine kwenye chumba chenyewe cha baroni. Siku moja msanii aliyekodiwa kuwatembeza wageni hakutokea, na bosi akamsikia mlinzi wake akigombana kwenye simu kwa Kifaransa.

"Wewe! Hicho ulichokuwa ukisema ni Kifaransa?"

"Ndiyo, bosi."

"Cha kweli?"

"Cha Bukavu, bosi."

"Vaa hii." Akamtupia kofia ya mahameli yenye unyoya.

Pamoja na kofia alimpa maelezo ambayo hayakujaza hata nusu ya ukurasa: baroni Guy alijenga ngome, Waingereza wakaizingira, ngome ikasimama imara, karibuni mgahawani. Mtu mwingine angeogopa. Hénock alitabasamu, maana kazi hiyo alikuwa akiifanya Bellevue siku nyingi, bila kofia.

Huko Bellevue, Mkongo akifa mbali na kwao, awe msusi, mlinzi au muuza viatu, watu hukusanyika kwenye matanga wakati mwili ukisubiri makaratasi ya kurudishwa nyumbani. Katika matanga hayo ni lazima mtu asimame ausimulie uhai wa marehemu, na aliyeitwa mara nyingi ni Hénock. Nusu ya marehemu hao hakuwajua. Alichouliza ni mambo matatu: alitoka kijiji gani, alipenda kula nini, na aligombana na nani. Kwa hayo matatu tu alimwinua mtu akasimama katikati ya chumba, na wafiwa wakalia vizuri. Sharti lilikuwa moja. Msimulizi akimaliza humgeukia kila mtu na kusema: "Kama yupo mtoto wa nyumba hii aliyesikia uongo, asimame anisahihishe." Mtoto wa nyumba akisimama, msimulizi hukaa chini na kumwachia maneno. Kumkatalia ni aibu, na kumkasirikia ni aibu zaidi.

Basi Hénock aliisimulia ngome kama anavyosimulia marehemu. Baroni Guy alihitaji mke, akapewa mke, Dame Aliénor. Dame Aliénor alihitaji roho, na hapo Hénock hakwenda mbali: akampa ya bibi yake mzaa baba, Nsimire wa Kabare, aliyepika pombe ya ndizi na kuiuza uani. Siku moja watu wenye bunduki walikuja kunywa bure, na bibi akapanda juu ya ukuta wa ua na sufuria la maharagwe yanayochemka, akawamwagia vichwani. Huko Rochevigne wenye bunduki wakawa Waingereza, ua ukawa mnara, sufuria likawa pipa la chuma. Maharagwe yalibaki maharagwe.

Kila Jumapili bibi alikuja na kitu kipya. Jumapili moja alikohoa kabla ya kumwaga. Nyingine aliwatukana Waingereza kuhusu mama zao. Nyingine alivuta kiko kwanza, akakimaliza kwa utulivu, huku jeshi zima likingoja chini. Wageni waliangua kicheko, walipiga makofi, waliagiza divai. Na kwa mazoea ya matanga Hénock alimalizia kila mara: "Kama yupo mtoto wa nyumba hii aliyesikia uongo, asimame anisahihishe." Wageni waliona huo ni mzaha mtamu kuliko yote. Kwa miaka hakusimama mtu.

Kanisani alijulikana kama mhifadhi wa kasri, na hakujisumbua kueleza zaidi. Jocelyne, aliyesuka nywele mtaa wa jirani wa Yeoville na kusikia kila kitu, ndiye aliyemweka chini.

"Baroni," alimwita asubuhi, "shuka mnarani utoe takataka."

"Chérie, heshimu kidogo. Ile ni historia."

"Ni povu. Weye unasimulia povu, na bibi yako maskini umemfunga ndani. Siku atakuja mwenye nyumba, utasema nini?"

"Mwenye nyumba amekufa tangu enzi za mishale."

"Wenye nyumba hawamaliziki," alisema Jocelyne.

Na kweli alikuja. Alikuja Jumapili ya Agosti, majani yakiwa yamekauka rangi ya simba na upepo ukirusha vumbi la migodi hadi kwenye keki ya harusi. Hénock alikuwa amewakusanya uani maharusi wa Soweto na jamaa zao. Alisimulia vizuri siku hiyo, bibi alivuta kiko, Waingereza wakaungua, na alipouliza kama yupo mtoto wa nyumba, mwanamke mmoja mwembamba mwenye koti la mvua, mzungu wa miaka sitini hivi, akasimama.

"Mimi," alisema kwa Kifaransa. "Naitwa Agnès de Rochevigne."

Bwana Terblanche, aliyekuwa amemwalika mwenyewe kutoka Ufaransa ili aweke sahihi ya udugu wa ngome mbili, alipiga makofi kwa furaha. Alidhani amesimama kutoa shukrani.

Hénock alifanya kama desturi inavyotaka. Alivua kofia, akaketi kwenye ukingo wa handaki, akasema, "Maneno ni yako, mtoto wa nyumba." Akakaa kutafsiri, neno kwa neno, hukumu yake mwenyewe.

"Guy wetu hakupigana," alisema Agnès. "Waingereza walipofika aliwafungulia lango, akawauzia divai. Walipolewa akawauzia tena. Hivyo ndivyo tulivyotajirika. Minara hii yenye vichwa vya kuchongoka haikuwepo. Iliongezwa majuzi tu, karne ya kumi na tisa, na mfanyabiashara wa sukari aliyetununua baada ya sisi kufilisika. Aliiona minara ya namna hii kwenye picha ya kopo la biskuti. Dame Aliénor simfahamu. Na maharagwe, bwana, yalitoka Amerika. Guy alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia moja kabla Ulaya haijaona harage la namna yako."

Bibi harusi alimgeukia mumewe. "Kwa hiyo nimeolewa kwenye kopo la biskuti?"

"Eish," alisema mjomba wake kwa huzuni ya kweli, "na yale maharagwe yalikuwa yameshanikolea."

Bwana Terblanche alimvuta Hénock nyuma ya mnara wa pili, mahali ambapo ukuta ulikuwa umebonyea na povu kuonekana.

"Umemwita wewe asimame!"

"Ni desturi, bosi. Ukisimulia uhai wa mtu—"

"Desturi ya nani? Mimi nina harusi za mwaka mzima hapa! Sikiliza. Mama huyu anaondoka kesho. Asipokubali hadithi yako kabla hajapanda gari, vua kofia hiyo na rudi getini. Na mimi nitaweka mashine ya kuwasimulia wageni masikioni. Mashine haiulizi wageni maswali."

Hénock alisimama pale na kofia mkononi. Mshahara ungekuwa uleule, hilo alilijua. Aliwaza jina na sahihi, jina na sahihi, na vioo vya magari vikipanda kabla hajamaliza kusema mchana mwema. Watu huzikwa kwa namna nyingi, na kwake namna hiyo ilikuwa na kibanda na kiti cha plastiki.

Alimkuta Agnès nyuma ya jiko, kando ya mitungi ya gesi, akivuta sigara kwa haraka kama mwanafunzi.

"Samahani, bwana," alisema kabla Hénock hajafungua kinywa. "Uliuliza nikajibu. Nyumbani hakuna anayeniuliza."

"Nyumbani, kwenye ngome?"

Alicheka kwa moshi. "Ngome ni ya kampuni ya bima. Mimi nimeajiriwa tu. Navaa gauni refu na lulu za plastiki, nawatembeza watu, nawaambia ukweli kwa sababu kampuni inataka ukweli. Hapa alisimama mtu aliyeuza divai. Hapa alisimama mwanawe, naye aliuza divai. Wanapiga miayo, kisha wanakwenda ngome ya jirani, maana jirani ana mzimu. Sisi hata mzimu hatuna. Mwakani huenda wakafunga ziara." Akatupa kipande cha sigara. "Yule mwanamke wa maharagwe, ulimtoa wapi?"

"Ni bibi yangu."

Agnès alikikanyaga kile kipande mpaka kikazima. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeomba kuazima chumvi kwa jirani asiyemjua: "Nipe mimi. Nikimpata yeye, nitamwambia bosi wako kwamba nilikosea, na hadithi yako ndiyo ya kweli. Wewe utabaki na kofia, mimi nitabaki na ziara."

Moyo wa Hénock uliruka, na hapohapo ukashikwa shati. Bibi Nsimire hakuwa wake peke yake. Kwao mtu hatoi mfu wa ukoo kwa wageni kama anayegawa nguo zilizombana. "Lazima nimuulize shangazi," alisema.

Shangazi Mamie, binti mkubwa wa Nsimire, alikuwa Kabare, na alipokea simu ya video akiwa ameishika karibu mno, hivyo walichoona ni sikio na hereni. Hénock alieleza kila kitu, huku Agnès akichungulia begani kwake.

"Ngoja," lilisema sikio. "Wazungu wanataka mama yangu?"

"Ndiyo, tantine. Kwa ngome yao."

"Atafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi, tantine. Ni mke wa baroni."

"Ah! Tena mume? Yule aliyekuwa naye alimtosha. Huyu anakunywa?"

Hénock alimtafsiria Agnès, naye akajibu kwa uaminifu kwamba baroni aliuza divai na bila shaka aliionja.

"Basi huyo baroni afe mapema," aliamua shangazi. "Vitani, kwa heshima, lakini mapema. Ngome ibaki kwa jina la mama."

"Inawezekana," alisema Agnès. "Mjane mwenye ngome. Ni bora zaidi, hata."

"Na dini?"

"Mkatoliki, tantine. Wakati huo wote walikuwa Wakatoliki."

"Vizuri. Wamwekee na misa."

Agnès alikubali misa. Halafu akakohoa kidogo na kusema kuna jambo dogo tu, la kitaalamu: maharagwe. Kule kwao watakuja walimu, watakuja watu wanaosoma vitabu, na harage halikuwepo wakati ule. Wangeweka dengu. Dengu zilikuwepo, zinachemka, zinaunguza vilevile.

Hénock alitafsiri kwa sauti ndogo. Simu ilitikisika, sikio likaondoka, na uso mzima wa shangazi Mamie ukatokea kwa mara ya kwanza, mpana, wenye hasira.

"Dengu? Mama yangu hakupika dengu hata siku moja! Dengu ni chakula cha nani? Tulikula maharagwe mchana, tukala maharagwe jioni, na watu walioungua mle uani waliungua kwa maharagwe, mmoja bado ana alama shingoni, nilimuona sokoni! Mwambie huyo mama: akitaka dengu, atafute bibi mwingine, amtoe kwao."

"Anasemaje?" aliuliza Agnès.

"Anasema maharagwe."

"Lakini Amerika ilikuwa haijafikiwa!"

"Tantine, anasema Amerika ilikuwa haijafikiwa."

"Hilo ni tatizo la Amerika," alisema shangazi.

Agnès aliinua macho akaitazama minara ya kopo la biskuti, zabibu za plastiki zikigongana kwa upepo kama meno, na samaki wekundu wakizunguka handaki lisilomzuia mtu. Huenda aliwaza mababu zake wote waliosema kweli au waliouza divai. Akainamisha kichwa mbele ya simu.

"Maharagwe," alisema.

"Amesema maharagwe, tantine."

"Nimesikia. Mwambie amtunze. Mama hapendi baridi."

Saa moja baadaye Agnès alimweleza bwana Terblanche, mbele ya mashahidi, kwamba amepiga simu kuuliza kwa watu wanaojua, na kwamba Dame Aliénor ni wa kweli, pipa ni la kweli, na maharagwe nayo ni ya kweli, ingawa wataalamu wataendelea kubishana. Kwa kusema hayo hakudanganya sana. Alitia sahihi karatasi ya udugu, akapigwa picha kando ya daraja, na kesho yake akapanda ndege. Bwana Terblanche alimpiga Hénock begani mpaka unyoya ukatetemeka. Mgahawani sahani ya maharagwe iliandikwa kwa jina la Dame Aliénor, na wageni waliokuwa wakiyaacha maharagwe kwao nyumbani wakaanza kuyaomba kwa heshima.

"Kwa hiyo kofia umebaki nayo," alisema Jocelyne, akisuka nywele za jirani mlangoni.

"Nimebaki nayo."

"Na bibi?"

"Amekwenda Ufaransa."

"Bila visa!" alisema jirani, na wote watatu walicheka, Hénock akiwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kuacha.

Jumapili iliyofuata ua ulijaa. Bwana Terblanche alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Asubuhi alikuwa amemweleza Hénock utaratibu mpya. Hadithi sasa imethibitishwa na familia, hivyo itasimuliwa jinsi ilivyothibitishwa, bila kuongeza na bila kupunguza. Hakuna kiko, hakuna matusi, na hakuna tena kuwauliza wageni kama wana la kusahihisha. "Zamani ilikuwa hadithi," alisema bosi kwa upole, kama anayempandisha mtu cheo. "Sasa ni historia."

Hénock alisimulia. Baroni akafa mapema, vitani, kwa heshima. Mjane akashika funguo. Waingereza wakaja, mjane akapanda mnarani na pipa lake. Na hapo, akiwa ameinua mikono kama anayemwaga, kitu kilimjia ambacho hakuwahi kukisimulia popote. Siku ile, baada ya wenye bunduki kukimbia, bibi Nsimire alishuka ukutani akapiga magoti uani. Alianza kuokota maharagwe kwenye udongo, moja moja, na kuyapuliza, akilia, kwa sababu hicho ndicho kilikuwa chakula cha watoto na siku hiyo hakukuwa na kingine. Hénock alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikumbuka ladha ya mchanga.

Alifungua kinywa. Kule nyuma bwana Terblanche aliinua kidole kimoja, wala si kwa ukali.

Hénock alishusha mikono. "Na Waingereza wakakimbia," alisema, "na ngome ikasimama imara."

Wageni walipiga makofi. Akaweka kofia sawa, akawaongoza kwenye divai.